Spika za masikioni na muziki wa kila namna: shajara ya mradi

Siku ya 1

Nimeimwaga droo mezani. Zimetoka jozi tatu za spika za masikioni zinazofanya kazi, pamoja na fundo la waya ambazo hata sikumbuki zilikuwa za kitu gani. Jozi ya kwanza ni zile za mtindo wa zamani, zinazokaa mlangoni mwa sikio bila kuliziba. Sura yake kila mtu anaijua tangu iPod ya mwaka 2001. Hizi nitaziita bapa. Jozi ya pili zina mpira laini na huzama ndani ya tundu la sikio. Hivi ni vizibo. Ya tatu hazina waya kabisa.

Tatizo langu ni la siku nyingi. Rumba kwenye bapa ni asali: gitaa la solo linacheka, sauti imekaa mbele, nafasi ipo. Nikiweka hip hop kwenye bapa hizo hizo, ngoma inageuka debe. Vizibo ni kinyume chake. Hip hop inatikisa fuvu, lakini fidla za taarab zinasikika kama zimefungiwa kabatini na mtu amesimama mlangoni na ufunguo. Nimekuwa nikibadilisha jozi kwa kubahatisha, leo hii, kesho ile. Sasa nataka jozi moja ibebe muziki wangu wote, na ikishindikana nijue inashindikana kwa sababu gani.

Nimechagua nyimbo sita za kupimia, zote ninazijua hadi pale mwimbaji anapovuta pumzi. Rumba ya magitaa matatu. Taarab ya kundi zima, yenye ganuni, udi, fidla na akodiani. Reggae. Hip hop yenye besi ya mashine. Kwaya isiyo na ala. Na kipande cha okestra kinachoanza kwa mnong'ono na kuishia kwa matarumbeta. Sitaongeza wimbo mwingine hata nikishawishika. Nikianza kuchagua wimbo unaoifaa spika, itakuwa spika ndiyo inanipima mimi.

Siku ya 2

Nimepoteza jioni nzima, na kosa ni langu. Nilikaa nikibadilisha jozi na kuandika maoni kwa fahari: "vizibo vina uhai zaidi", "bapa zimepoa". Mwishoni nikagundua kwamba vizibo vinalia kwa nguvu kuliko bapa katika kiwango kile kile cha simu. Sikio halisemi "hii imeongezwa sauti". Linasema "hii ni bora". Tofauti ya desibeli moja au mbili inatosha kukudanganya, na yangu ilikuwa kubwa kuliko hapo. Karatasi yote nimeifuta.

Nimetengeneza kipimo cha kienyeji: kipande cha mpira laini wa maji, urefu wa sentimita mbili na nusu, takriban sawa na tundu la sikio. Upande mmoja inakaa spika, upande wa pili maikrofoni ya simu ya zamani. Hakitoi namba za kuaminika, kwa sababu maikrofoni ya simu ina mambo yake, hasa kwenye besi. Kinaweza kuniambia tu kama jozi hii inapiga kwa nguvu kuliko ile. Kwa bapa, ambazo hazizibi chochote, inabidi niungie udongo wa kuchezea pembeni ili zisivujishe, kwa hiyo namba zao nazichukulia kwa mashaka na kumalizia kwa sikio.

Jambo la pili la leo. Nilipopunguza sauti usiku ili nisiwaamshe watu, besi iliondoka kwanza, mambo mengine yakabaki. Hili lina historia: watafiti Fletcher na Munson walilichora mwaka 1933. Sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza sauti nzito haraka kuliko zile za kati. Maana yake ni kwamba spika "isiyo na besi" saa sita usiku inaweza kuwa na besi ya kutosha saa sita mchana. Kuanzia sasa vipimo vyote ni kwa kiwango kimoja, nilichokiwekea alama.

Siku ya 4

Mipira na sponji. Ningejua, ningeanzia hapa na droo ingebaki imefungwa.

Vizibo vilikuja na mipira ya saizi tatu, na mimi tangu nivinunue nimetumia ile iliyokuwa imevalishwa, ya kati. Leo nimecheza sauti moja ya Hz 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde, mlio mzito usiokatika. Sikio la kulia likaujaza. La kushoto, karibu kimya. Nikabonyeza kidogo kwa kidole, mlio ukarudi. Kumbe sikio langu la kushoto ni pana kuliko la kulia, na muda wote huu hewa ilikuwa ikivuja. Nimevalisha mpira mkubwa kushoto na wa kati kulia. Inachekesha kuitazama, lakini besi imekaa katikati ya kichwa kwa mara ya kwanza. Malalamiko yote ya miezi kwamba "vizibo hivi reggae vinaiyumbisha upande" yameishia hapo.

Hewa ikipata upenyo, sauti nzito ndizo za kwanza kutoroka, kwa sababu mawimbi yake ni ya polepole na shinikizo lina muda wa kupungua kabla utando wa spika, ule unaotetemeka, haujarudi. Sauti kali haziathiriki sana.

Kwenye bapa nilijaribu hali tatu. Bila sponji: kila kitu kiko wazi, matoazi yanakata kama kiwembe, besi hakuna, na baada ya nusu saa plastiki inauma. Kwa sponji kamili: besi imepanda, kwa sababu sponji inajaza pengo kati ya spika na sikio, lakini juu kumefunikwa, ganuni imepoteza kucha. Kwa sponji yenye tundu katikati: pembeni inaziba, katikati inapitisha. Hii ndiyo. Rumba imepata gitaa la besi bila kupoteza lile la solo. Sponji mbili juu ya spika moja nazo nilijaribu. Sitaki kulizungumzia.

Siku ya 5

Sikufanya kitu. Nilisikiliza tu muziki.

Siku ya 7

Nimeharibu, nikatengeneza.

Nyuma ya spika yoyote kuna hewa, na utando ukisogea mbele lazima hewa hiyo ipumue. Ndiyo maana kuna vitundu. Niliwaza hivi: kama kuziba mvujo wa mbele kumeongeza besi, basi kuziba na vitundu vya nyuma kutaiongeza zaidi. Nikakata tepu, nikaziba vitundu vya bapa vyote. Besi ikapotea. Hewa iliyofungiwa nyuma imekuwa kama springi ngumu, utando hauwezi kutembea, na sauti zote zimejaa puani. Mwimbaji wa taarab ana mafua.

Kwenye vizibo hadithi inategemea tundu lenyewe liko wapi. Vyangu vina tundu moja dogo mbele, karibu na mpira, na jingine nyuma. Kuziba la nyuma kulipunguza besi, kama kwenye bapa. Kuziba la mbele kuliiongeza sana, kiasi cha kuudhi, na nikivaa nasikia utando ukikwaruza kwa shinikizo la hewa. Nimeishia kuweka tepu ya karatasi ya hospitali, ile inayopitisha hewa kidogo, kwenye tundu la mbele. Imeongeza kiasi ninachokitaka kwa reggae na hip hop, na ikinichosha naibandua bila kuacha gundi. Kwenye bapa tepu zote zimetoka. Ziko kama zilivyozaliwa.

Siku ya 10

Leo ni zamu ya ikwalaiza, programu ya kupandisha na kushusha sehemu moja moja za sauti, kutoka nzito hadi kali. Nimeacha zile za mistari kumi zenye majina ya muziki, "Roki", "Jazi", "Klasiki". Ukitazama vizuri, nyingi ni tabasamu lile lile: besi juu, sauti kali juu, katikati pamezama. Natumia ile inayokuuliza mambo matatu: ni masafa gani (Hz ngapi) unayagusa, unaongeza au kupunguza desibeli ngapi, na mguso uwe mpana au mwembamba kiasi gani.

Jaribio la kwanza: bapa zipige hip hop. Nikaongeza desibeli 9 chini ya Hz 60. Besi ikaja na mkwaruzo, kama mtu anayepasua kitambaa. Makosa mawili kwa mpigo. Kwanza, sauti ya kidijiti ina dari. Ukiongeza 9 mahali bila kushusha kiwango chote kwa 9 mwanzoni, vilele vya mawimbi vinagonga dari na kukatwa. Nilipokishusha, mkwaruzo ulipungua lakini haukuisha. Hapo likaja kosa la pili: bapa hazizibi sikio, kwa hiyo chini kabisa utando unatembea sana bila kujenga shinikizo. Unapiga kasia hewani. Ukiulazimisha, unapotoka.

Nikabaki na swali ambalo limeninyima usingizi: kama bapa haziwezi kufika chini, mbona gitaa la besi la rumba linasikika vizuri? Waya nene wa gitaa la besi ukipigwa bila kubanwa hutoa Hz 41. Bapa zangu pale ziko hoi. Nikafungua wimbo kwenye programu inayochora masafa, na jibu likaonekana. Uzi wa gitaa haupigi Hz 41 peke yake. Unapiga na 82, 123, 164 na kuendelea, ngazi juu ya ngazi. Ubongo ukizipata ngazi za juu zimepangwa kwa umbali ule ule, unaijaza ya chini wenyewe. Unasikia noti ambayo spika haikuipiga.

Besi ya mashine ni kitu kingine. Ngoma ya mguu ya Roland TR-808, mashine ya ngoma ya mwaka 1980 ambayo hip hop imeigeuza kuwa gitaa lake la besi, ni karibu wimbi tupu linalofifia taratibu. Haina ngazi nyingi za juu za kumpa ubongo pa kushika. Spika isipoipiga yenyewe, haipo. Ndiyo maana bapa zile zile ni asali kwa rumba na debe kwa hip hop, na hakuna ikwalaiza itakayobadilisha hilo. Ndoto ya jozi moja kwa bapa imefia hapa. Sikuhuzunika sana, afadhali nimejua.

(Watayarishaji wengi huipotosha kidogo besi hiyo makusudi ili izae ngazi za juu na isikike hata kwenye simu. Wimbo wangu wa kupimia bahati mbaya umeachwa safi.)

Siku ya 12

Leo vizibo na taarab: nani amezifungia fidla kabatini?

Nilichora mchoro wa masafa kwa kile kimpira changu cha kupimia, nikaona kilima karibu na Hz 3,000. Nikasema, huyu ndiye mwizi, nikamkata desibeli 6. Fidla hazikutoka kabatini. Kabati lilipelekwa chumba cha pili.

Nilikuwa nimesahau kimpira changu kimefanana na nini. Tundu la sikio ni bomba fupi lililozibwa upande mmoja na kiwambo cha sikio, na bomba la urefu ule huvuma lenyewe karibu na Hz 3,000. Tunatembea nalo tangu kuzaliwa. Sauti za eneo hilo hufika kwenye kiwambo zikiwa zimeongezwa zaidi ya desibeli 10, na ubongo unaichukulia hali hiyo kuwa ndiyo kawaida. Ukichomeka kizibo, unaliharibu bomba hilo, na mtengenezaji analazimika kurudisha kilima hicho kwa mkono. Kilima si kasoro. Mtafiti Sean Olive na wenzake wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, waliwauliza wasikilizaji wanapenda nini, wakachora mstari unaojulikana kwa jina la kampuni hiyo, na kilima hicho kimo.

Nikarudi kinyume. Kosa la vizibo vyangu liko chini ya hapo, kati ya Hz 150 na 300, ambako besi imevimba na kumwagikia sauti za kati. Nilipunguza desibeli 3 tu, kwa mguso mpana, pale Hz 200. Fidla, ambayo waya wake wa chini kabisa ni Hz 196, ikapungua unene na kupata kamba. Udi ukajitenga na akodiani. Kwaya ikafaidika zaidi ya wote: waimbaji wa tenor na wa besi walikuwa donge moja, sasa nawahesabu. Kupunguza kumefanya kazi ambayo kuongeza kulishindwa.

Ikabaki "s" inayochoma kwenye kwaya. Nilipitisha mlio kutoka Hz 5,000 hadi 10,000 polepole nikisikiliza pale unapopiga kelele ghafla. Ni karibu na 7,500. Nikakata pale, mguso mwembamba, desibeli 4. Nikavua, nikavaa tena, na "s" imerudi. Nimeikagua mara tatu: nikizamisha kizibo zaidi, kilele kinapanda juu, nikikitoa kidogo kinashuka. Ni hewa iliyobaki kati ya kizibo na kiwambo ndiyo inayovuma, na inabadilika kila unapovaa. Kwa hiyo mipangilio ya mtu mwingine ya huko juu ni ya masikio yake na mkono wake. Nimepanua mguso na kupunguza desibeli 2 tu. Haiponyi kabisa, lakini haibadiliki kila asubuhi.

Siku ya 15

Nimemwomba mdogo wangu awe mwamuzi. Yeye anafumba macho, mimi nabadilisha mipangilio, kiwango kikiwa kimesawazishwa.

"Kaka, hii ya pili mwimbaji amesogea mbele."

"Ya pili ni ile ile ya kwanza. Sijagusa kitu."

Akafungua macho. "Basi umenidanganya."

"Sijakudanganya, nimekupima."

"Kama ni hivyo, tubadilishane. Sasa wewe kaa hapa, fumba macho."

Nikakaa. Kwa taarab na kwaya nilitambua mpangilio wangu mara zote kumi. Kwa rumba mara saba. Kwa okestra mara tano katika kumi, yaani sawa na kurusha sarafu, na huo ndio mpangilio nilioupigia kelele wiki nzima kwamba "umefungua ukumbi". Mdogo wangu hakusema kitu. Alitabasamu tu, na hilo ni baya zaidi. Mpangilio wa okestra nimeufuta.

Siku ya 18

Waya wa bapa ulikatika karibu na pini, nikaamua kuulehemu mwenyewe. Nyuzi za ndani zimepakwa rangi inayozuia umeme, na lazima uichome kwanza kwa ncha ya moto ndipo risasi ishike. Hilo nililijua. Nilichopuuza ni kwamba waya huu una nyuzi nne, kila upande na njia yake ya kwenda na kurudi, na upande wa kushoto nilizigeuza.

Zilipolia nilidhani nimeua spika. Besi imekonda, mwimbaji hayuko katikati wala pembeni, yuko kama nyuma ya kisogo, na kichwa kinaanza kuuma. Kila upande ukiusikiliza peke yake ni mzima. Hapo ndipo unapopatikana ushahidi: utando mmoja unasukuma wakati mwenzake anavuta. Nilipiga rekodi ya zamani ya sauti moja isiyo na kushoto wala kulia, ambayo inapaswa kusimama katikati ya paji la uso, ikasambaa kama moshi. Nimegeuza nyuzi za kushoto, mwimbaji amerudi nyumbani.

Siku ya 20

Zile zisizo na waya nimezigusa leo kwa mara ya kwanza, na kwa mara ya mwisho katika mradi huu. Zimegundishwa, hazifunguki, na ndani zina kompyuta ndogo inayopanga sauti kabla haijafika kwenye utando. Nilibadilisha kodeki, yaani njia ya kuibana sauti ili isafiri bila waya, kutoka SBC ya kawaida hadi LDAC, ambayo hufika kilobiti 990 kwa sekunde. Nikiwa nimefumba macho sikupata tofauti. Kubadilisha mipira kulileta tofauti kubwa. Hizi zitabaki za simu na mazungumzo.

Siku ya 22

Nimetembea nje na bapa na kujikuta nimepandisha sauti ngazi nne. Kelele za nje ni nzito, na zinameza besi kwanza, ile ile ambayo bapa zinayo kidogo. Shirika la Afya Duniani linataja kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Kwa hiyo bapa ni za ndani ya nyumba. Vizibo vinazuia kelele, na nje navisikiliza chini kuliko hata bapa za sebuleni.

Siku ya 24

Hali ilivyo. Bapa, sponji yenye tundu, bila ikwalaiza yoyote: rumba, na okestra nikiwa peke yangu. Vizibo, mpira mkubwa kushoto na wa kati kulia, desibeli 3 zimetolewa Hz 200 na 2 kule juu: taarab na kwaya. Vizibo hivyo hivyo, tepu ya karatasi kwenye tundu la mbele na mpangilio mmoja wa kupandisha chini ya Hz 60 kwa 3, kiwango chote kikiwa kimeshushwa 3: hip hop na reggae. Kwa reggae ile 200 naiacha kama ilivyo, gitaa la besi linaihitaji.

Sponji ya kushoto ya bapa imechanika tena, pale pale pembeni ninapoivutia kuivalisha. Imebaki moja kwenye pakiti. Kesho nitajaribu kuivalisha kwa kuikunja kwanza juu ya mfuniko wa kalamu.